UZI: Ndoa za jinsia moja, imani na haki ya mtu binafsi. Nani anafungisha, nani anasajili, nani anaadhibu?

Wakili wa Sae (Mbeya):

Wakuu, habari za jioni. Kila mada hii inapoibuka kwenye magrupu ya huku kwetu, kuanzia Mbeya na Njombe mpaka Iringa, nusu saa haiishi watu wameshatukanana na hakuna aliyeondoka na jambo jipya. Chanzo ni kwamba tunajadili vitu vitatu kwa mkupuo. Ipo ndoa anayofungisha kiongozi wa dini. Ipo ndoa anayoisajili serikali. Na lipo kosa la jinai. Kila kimoja kina sheria yake na wenye mamlaka wake, na ukijibu kimoja bado hujajibu kingine. Naanza na ndoa ya kisheria, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua.

Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kwa hiyo Tanzania Bara watu wawili wa jinsia moja wakifika kwa msajili, hata fomu ya kuwajazia haipo. Hakuna cha kutafsiri hapo. Kubadilisha kunahitaji Bunge lirekebishe sheria, au Mahakama Kuu itamke kwamba kifungu kinapingana na Katiba.

Sasa tuone ndoa halali inavyopita. Wahusika wanatoa notisi ya kusudio kwa msajili au mfungishaji, siku zisizopungua 21 kabla ya tarehe ya ndoa. Ndani yake kuna majina, umri, makazi, majina ya wazazi, na kama mtu hajawahi kuoa, ni mtalaka, mjane au tayari ana mke. Notisi inatangazwa: kwa Mkuu wa Wilaya inabandikwa ubaoni, kanisani inasomwa. Pingamizi likija, ndoa inasimama mpaka mahakama iliamue. Ndoa inafungwa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, kitabu kinajazwa, wanandoa wanapewa cheti, na kumbukumbu inaenda kwa msajili wa wilaya, ambaye ni Katibu Tawala, hadi RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Yanayokwama ni yale yale. Mchungaji anafungisha bila leseni ya kufungisha ndoa, halafu siku ya mirathi cheti hakionekani popote serikalini. Au wahusika wanahesabu matangazo ya Jumapili tatu wakidhani wametimiza siku 21, wakati kutoka Jumapili ya kwanza hadi ya tatu ni siku 14 tu. Siku zinahesabiwa tangu notisi ilipopokelewa.

Nimeyaweka haya mwanzoni mwone kwamba mchungaji akishika kile kitabu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ya kanisa lake na ya serikali. Mvutano wote wa ndoa za jinsia moja huko nje umezaliwa hapo.

---

Mzee wa Kanisa Makambako:

Wakili, asante kwa mpangilio. Mimi nasimama upande wa imani, na naomba isionekane kwamba wasiwasi wetu ni wa kutunga.

Kwetu Walutheri, ndoa haihesabiwi kuwa sakramenti. Luther mwenyewe aliiweka kwenye mambo ya utawala wa dunia, na ndiyo maana hatuna shida na serikali kusajili. Lakini kwamba ni ya mwanamume na mwanamke tunalitoa Mwanzo 2:24 na maneno ya Bwana Yesu katika Mathayo 19. Hilo haliwezi kupigiwa kura sinodini. Wenzetu Wakatoliki wana mkazo mkubwa zaidi, kwa sababu kwao ni sakramenti kati ya wabatizwa na kanuni ya 1055 ya sheria ya Kanisa lao inataja mwanamume na mwanamke waziwazi.

Kwa nini jambo hili limetugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko wengine? Kwa sababu makanisa mengi huku yalizaliwa na misheni na bado yana marafiki wa nje. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Dayosisi zetu zina undugu na sharika za Marekani na Ulaya, na undugu huo umejenga shule, visima na wodi. Mwaka 2009 mkutano mkuu wa kanisa la Kilutheri la ELCA la Marekani ukaruhusu wachungaji walio kwenye mahusiano ya jinsia moja, na mwaka huo huo Kanisa la Sweden likaanza kufungisha ndoa hizo. Maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, wakajibu kwa tamko lililotolewa Dodoma Januari 2010: ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na shinikizo halipokelewi hata likija na fedha.

Hofu ya mshirika wa kawaida ni hii: leo wanaruhusu, kesho mchungaji wa Ilembula anapelekwa mahakamani kwa kukataa. Mtu wa sheria atujibu hapo.

---

Binti Kihesa:

Kamwene wote. Shikamoo mzee wangu wa Makambako. Hofu hiyo naiheshimu, lakini inapimika, kwa hiyo tuipime kwa nchi zilizofika huko.

Uholanzi ndiyo ya kwanza, Aprili 2001. Ndoa iliyofunguliwa ni ya manispaa. Makanisa yaliachwa yaamue yenyewe.

Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 2013, ndoa za kwanza zikafungwa 29 Machi 2014. Ndani ya sheria hiyo kuna kufuli nne. Hakuna dhehebu linaloweza kulazimishwa kufungisha. Hakuna kiongozi wa dini anayeweza kulazimishwa, hata kama dhehebu lake limekubali. Sheria ya ubaguzi imerekebishwa ili aliyekataa asishtakiwe. Na Kanisa la Uingereza na lile la Wales zimezuiwa kabisa kufungisha mpaka taratibu zao zenyewe zibadilike. Hili la nne watu hawalijui.

Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu ya kesi ya Fourie tarehe 1 Desemba 2005 na kulipa Bunge miezi 12 kutunga sheria ya kuruhusu ndoa hizo. Sheria ikatoka 30 Novemba 2006, siku moja kabla muda haujaisha. Chini ya sheria hiyo dhehebu linalotaka kufungisha ndoa hizo linaomba lenyewe kuidhinishwa. Lisiloomba haliguswi.

Marekani, hukumu ya Obergefell ya 26 Juni 2015, iliyofungua ndoa hizo nchi nzima, ilipita kwa majaji 5 dhidi ya 4, na ndani yake imeandikwa kwamba dini na waumini wanaendelea kulindwa kufundisha wanachoamini. Mchungaji aliyelazimishwa na mahakama ya Marekani kufungisha hayupo.

Mzee wangu, ukitazama hapo utaona uhuru wa kanisa kukataa na haki ya mtu kusajiliwa vinakaa kwenye katiba moja bila kuuana.

---

Mzee wa Kanisa Makambako:

Marahaba binti yangu. Umeeleza vizuri, ila umechagua mifano inayokubeba. Naongeza iliyobaki.

Denmark, Juni 2012. Kule kanisa ni la taifa. Bunge likaamua wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kufunga ndoa ndani ya kanisa la parokia. Mchungaji mmoja mmoja anaruhusiwa kukataa, kweli, lakini askofu anapaswa kuhakikisha mwingine anapatikana. Kwa hiyo mtu analindwa, ila kanisa kama kanisa haliwezi kusema hapana.

Hiyo hiyo Afrika Kusini, kifungu cha 6 cha sheria ile kiliwaruhusu maofisa wa serikali wanaofungisha ndoa kukataa kwa sababu ya dhamiri. Marekebisho ya 2020 yamekifuta. Yule wa kanisani bado yuko salama, lakini muumini aliyeajiriwa serikalini kinga yake imeondolewa.

Na Kentucky, Marekani, mwaka 2015 karani wa kaunti, Kim Davis, alikaa mahabusu siku tano kwa kukaidi amri ya mahakama ya kutoa leseni za ndoa.

Mimi sisemi nchi hizo zimekosea kila kitu. Nasema anayetuambia hakuna dhamiri iliyoguswa hajamaliza kusoma.

---

Wakili wa Sae (Mbeya):

Mzee yuko sahihi kwenye yote matatu, na tofauti inayosaidia ni hii: kiongozi wa dini, mtumishi wa umma na mfanyabiashara wanahukumiwa kwa vipimo vitatu.

Kiongozi wa dini analindwa zaidi ya wote, na Denmark imekuwa vile kwa sababu kanisa lao ni sehemu ya dola. Kwetu Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haina dini, na Ibara ya 19(2) inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mfano wa Denmark hauwezi kupandwa hapa bila kwanza kung'oa ibara hizo.

Mtumishi wa umma ana kinga ndogo, kwa kuwa anayekataa pale dirishani si yeye, ni serikali. Lakini njia za katikati zipo. Kentucky yenyewe mwaka 2016 iliondoa jina la karani kwenye fomu ya leseni. Wananchi wakahudumiwa, na karani hakulazimika kutia jina lake. Marekebisho ya fomu moja tu, na mgogoro uliojaza magazeti ya dunia ukapoa.

Mfanyabiashara ndiye mgumu kuliko wote. Kesi ya mwoka keki wa Colorado, Masterpiece Cakeshop, iliamuliwa 4 Juni 2018 kwa kura 7 kwa 2, na watu wanaisoma vibaya. Mahakama haikusema kila muuza keki anaweza kukataa wateja. Ilisema tume ya jimbo iliyomshughulikia ilionyesha uadui kwa imani yake, kwa hiyo uamuzi ule haukuwa wa haki. Swali kubwa likaachwa.

Ireland Kaskazini ndiyo inafundisha. Duka la Ashers liliagizwa keki ya pauni 36.50 yenye maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, likakataa. Mahakama ya Juu ya Uingereza, Oktoba 2018, majaji wote wakakubaliana: duka halikumkataa mteja kwa alivyo, lilikataa ujumbe, na lingeukataa hata kama ungeagizwa na mtu mwenye mke. Huo ndio mstari. Kumnyima mtu mkate au dawa kwa sababu ya alivyo ni ubaguzi. Kulazimishwa kuandika maneno usiyoyaamini ni kuingilia dhamiri. Mwaka 2023 Marekani ilisogea upande huo huo katika kesi ya 303 Creative, ya mtengeneza tovuti, kwa kura 6 kwa 3.

---

Ustaadh Mafinga:

Assalaam alaikum. Nachangia upande wa Uislamu, kisha nina angalizo.

Kwenye madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi wetu, nguzo za nikaha ni tano: mume, mke, walii (msimamizi wa mke), mashahidi wawili waadilifu, na tamko la ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali. Mahari ni haki ya mke lakini si nguzo. Mume na mke wametajwa ndani ya nguzo zenyewe, kwa hiyo bila mke hakuna nikaha ya kujadili. Serikali yoyote ikitunga sheria ya aina nyingine, kwetu kitakuwa kitu kingine chenye jina la ndoa. Hilo halitikisiki.

Angalizo langu: Waislamu tuko wachache katika mikoa hii. Kutoka Mafinga hadi Tukuyu, kinacholinda msikiti wetu mdogo ni hiyo hiyo Ibara ya 19 inayolinda kanisa kubwa. Kwa hiyo nasita kila nikisikia mtu anasema "walio wengi waamue kila kitu". Leo wengi wanakubaliana na mimi juu ya ndoa. Kesho wanaweza kukubaliana kwamba adhana inawasumbua.

Pia watu waache kusema sheria yetu haijali dini. Inajali sana. Ndoa ya Kiislamu inachukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, ya Kikristo ni ya mke mmoja. Wanandoa wanaweza kubadili aina kwa tamko la pamoja mbele ya hakimu au jaji, lakini Wakristo wawili waliofunga kanisani hawaruhusiwi kugeuza ndoa yao kuwa ya wake wengi maadamu wote wanaendelea na imani hiyo. Hapo serikali imeshika imani ya mtu na kuifanya sharti la kisheria. Na Muislamu na Mkristo wanaopendana bila yeyote kubadili dini wanabaki na mlango wa ndoa ya kiserikali, ambao ukifungwa na walio wengi, vijana wengi wa Mbeya mjini watakwama.

Hata talaka ni hivyo. Karatasi ya talaka ya shehe peke yake haimalizi mambo. Shauri linapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, baraza likishindwa linatoa hati, na hati hiyo iwe na umri usiozidi miezi sita unapofungua shauri mahakamani. Wengi wanaikalia mwaka mzima, wakifika wanaambiwa waanze upya.

---

Binti Kihesa:

Ustaadh, hoja yako ya wachache ndiyo niliyokuwa naitafuta maneno yake.

Niwe mkweli kuhusu upande wangu pia. Kuna wanaosema Umoja wa Mataifa unaamuru ndoa hizi, na kuna wanaharakati wanaosema ni haki iliyoandikwa tayari. Wote wanakosea. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania imeuridhia tangu 1976, Ibara ya 23, inataja haki ya wanaume na wanawake kuoana, na kamati yake ilisema mwaka 2002, katika shauri la New Zealand, kwamba nchi hailazimiki kwenda zaidi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema vivyo hivyo mwaka 2010 kwa Austria. Baadaye, Januari 2023, kwenye shauri dhidi ya Urusi, ikasema nchi za mkataba wake ziwe na namna fulani ya kuwatambua kisheria, si lazima iitwe ndoa.

Afrika Kusini ilifika kwa njia yake. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 9, inataja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Yetu, Ibara ya 13(5), inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Neno hilo halimo. Kwa hiyo anayedhani jaji wa hapa anaweza kunakili hukumu ya Fourie hajaziweka katiba hizi mbili sambamba.

Ninachodai kwa nguvu zote ni cha chini zaidi: mtu abaki mtu mbele ya sheria. Tutafika huko tukizungumza jinai.

---

Mdau wa Tukuyu:

Ugonile. Naongeza moja kuhusu Wakatoliki maana hapa imepotoshwa sana. Waraka wa Vatikani wa 18 Desemba 2023, Fiducia supplicans, haukuruhusu ndoa za jinsia moja. Uliruhusu padri kutoa baraka fupi isiyo ya kiliturujia, bila ibada iliyoandikwa, bila mavazi wala ishara za arusi. Ufafanuzi wa 4 Januari 2024 ulisema ni sala ya sekunde 10 hadi 15. Mabaraza ya maaskofu wa Afrika yakajibu 11 Januari 2024 kwamba Afrika baraka hizo hazitatolewa. Aliyesema Papa amefungisha hakusoma hata ukurasa wa kwanza.

Na kwa mzee wa Makambako: Moravian wa jimbo la kaskazini Marekani waliamua 2014 kuwawekea mikono watumishi walio kwenye mahusiano hayo. Kila jimbo la Moravian lina sinodi yake, na uamuzi wa huko hauvuki bahari wenyewe. Kinyume chake Mekane Yesu wa Ethiopia, Walutheri, mwaka 2013 walikata kabisa uhusiano na ELCA na Sweden. KKKT ilichagua kusema msimamo wake na kuendelea kuongea. Naona ilichagua vema, kwa sababu ukishakata huna tena pa kupelekea hoja yako.

---

Nesi wa Njombe:

Naingilia kwa upande wa afya, maana mijadala hii ina madhara yanayofika wodini.

Mikoa yetu ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 kwa watu wa miaka 15 na zaidi ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Virusi havichagui ndoa ya mtu wala dini yake. Kwenye mnyororo wa maambukizi, mwanamume anayelala na wanaume mara nyingi ana mke pia, na mke huyo yuko kliniki ya wajawazito.

Kinachoharibika kiko hivi. Mtu akisikia kwamba mhudumu anaweza kumtangaza, hapimi. Asipopima hatumii dawa. Asipotumia dawa kiwango cha virusi kinapanda na anaambukiza. Akitumia kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hiyo siri ya mgonjwa ndiyo inayokinga mke wa mtu na mtoto aliye tumboni. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu. Kuvujisha ni kosa, haijalishi unamchukia nani.

Mhudumu anayeamini kwamba tendo ni dhambi abaki na imani yake. Chumba cha ushauri si mimbari. Maswali ni yale ya mwongozo: amekuwa na wenza wangapi, anatumia kinga, mara ya mwisho kupima ni lini. Basi.

---

Kijana wa Tunduma:

Wakuu, maswali mawili. Mtanzania akifunga ndoa ya jinsia moja Afrika Kusini akarudi nayo, inatambuliwa? Na majirani zetu Malawi na Zambia wakoje, maana mpaka tunauvuka kila siku?

---

Wakili wa Sae (Mbeya):

La kwanza, hapana. Ndoa ya nje inatambuliwa kama ilifungwa kwa utaratibu wa nchi ile, lakini mmoja wao akiwa raia wa Tanzania ni lazima wote wawili wawe na sifa za kuoana kwa sheria yetu. Kifungu cha 9 kinawarudisha pale pale. Hata dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ya waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawahesabu mke na mume, inataja mwanamume na mwanamke.

Namibia walikutana na swali hilo. Mei 2023 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba wenza wa raia waliofunga ndoa halali Afrika Kusini watambuliwe kama wanandoa kwa mambo ya uhamiaji. Haikufungua ndoa hizo ndani ya Namibia.

Malawi, 28 Juni 2024, mahakama ilikataa ombi la kufuta kosa la jinai la mahusiano ya jinsia moja. Zambia nayo bado ni kosa. Botswana ilifuta mwaka 2019, rufaa ikakubali 2021, na ndoa haikuguswa. Kenya, Februari 2023, Mahakama ya Juu ilisema chama cha wapenzi wa jinsia moja kina haki ya kusajiliwa, wakati Katiba ya Kenya, Ibara ya 45, inaweka ndoa kwa watu wa jinsia tofauti na kosa la jinai lipo palepale. Angalieni Kenya na Botswana vizuri: ndoa, jinai na uhuru wa kujumuika vimeamuliwa kila kimoja peke yake.

Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, adhabu ni kifungo cha maisha na kisipungue miaka 30. Uzito huo umetokana na marekebisho ya 1998. Kinachoadhibiwa ni tendo lililothibitishwa mahakamani bila shaka yoyote ya msingi. Mavazi, sauti, uvumi au kukaa nyumba moja si tendo.

---

Mzee wa Kanisa Makambako:

Hapo nataka kusema jambo ambalo wenzangu wengine kanisani hawatalipenda. Mimi naunga mkono kifungu cha 9 kibaki kama kilivyo, na nitasimama mbele ya kamati yoyote ya Bunge kusema hivyo. Lakini sioni pahali Biblia inaniruhusu kumvunjia mtu mlango usiku. Huku kwetu tunajua wananchi wenye hasira wanaweza kufanya nini. Wazee wangapi wameuawa kwa kuitwa wachawi. Anayechochea vijana wa mtaa dhidi ya jirani kwa uvumi anafanya dhambi, na mchungaji aseme hivyo madhabahuni kwa sauti ile ile anayokemea nayo mengine.

---

Binti Kihesa:

Asante mzee wangu. Hapo tumekutana.

Tunapoachana ni hapa, na niseme wazi. Naona miaka 30 kwa tendo la watu wazima wawili waliokubaliana, lisilo na mlalamikaji wala aliyeumizwa, ni adhabu isiyolingana na jambo lenyewe. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na swali la kisheria ni kama mpaka huu unatibu madhara yanayoonekana, au unamfanya mtu awe mawindo ya anayetaka kumtoza fedha. Utapeli wa namna hiyo unafahamika: mtu anatongozwa mtandaoni, anaitwa nyumba ya kulala wageni, wanaingia watu watatu wakijiita askari, wanataka laki tano. Hawezi kushtaki, kwa sababu akishtaki anajitaja mwenyewe.

---

Mzee wa Kanisa Makambako:

Kwenye adhabu sikubaliani nawe. Sheria inafundisha pia, na kuifuta kutasomeka kama taifa limebariki. Lakini hilo la matapeli sikuwa nimelipima, na ni la kweli. Wakili, mtu akivamiwa hivyo afanye nini kisheria?

---

Wakili wa Sae (Mbeya):

Bila kujali anatuhumiwa nini, haya ni ya kila raia. Anayedai ni askari aonyeshe kitambulisho na aseme anatoka kituo gani. Jina na namba yake viandikwe. Upekuzi wa nyumba unahitaji hati, isipokuwa dharura zilizotajwa na sheria, na vilivyochukuliwa viorodheshwe na kusainiwa mbele ya shahidi huru. Aliyekamatwa aambiwe kosa lake, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi pale inaporuhusiwa. Mahojiano ya awali ni saa nne, na kuongeza kuna utaratibu wake. Ana haki ya kumwita ndugu au wakili kabla ya kuandika maelezo, na asisaini asichokisoma.

Ibara ya 13(6) inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na inakataza kumtesa au kumdhalilisha. Kutishia kumtangaza mtu ili alipe ni kosa la jinai linalosimama peke yake. Polisi kupokea malalamiko hayo hakutegemei kama mlalamikaji naye anatuhumiwa. Ushahidi ni ujumbe wa simu, namba iliyopokea pesa na muamala wenyewe. Asifute chochote, na aombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu mapema. Akiogopa kwenda kituo cha jirani, aende ofisi ya mkuu wa upelelezi wa wilaya au mkoa akiwa na wakili. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msajili msaidizi wa msaada huo yuko halmashauri, kwa kawaida ni afisa maendeleo ya jamii.

---

Nesi wa Njombe:

Na kama kapigwa, aje hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa amebakwa au amelawitiwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na anazitumia siku 28 bila kuruka. Asioge wala kubadili nguo kabla ya kuchukuliwa vielelezo. Fomu ya polisi PF3 inatakiwa kwa ajili ya kesi, lakini anayevuja damu anatibiwa kwanza.